Kumwandikia historia mzee aliyekuwa ofisa wa jeshi

Mwanajeshi akifariki, jeshi huja na wasifu wake ukiwa umekamilika. Kuna tarehe aliyoandikishwa, mwaka aliotunukiwa kamisheni, kozi za ndani na za nje, vikosi alivyotumikia, vyeo kuanzia Luteni Usu hadi pale alipoishia, na nishani alizovishwa. Ofisa mmoja anausoma kwa sauti ya gwaride, na hakuna wa kuukosoa, maana jeshi linatunza kumbukumbu. Kisha anaitwa mtu wa familia asome historia ya marehemu kwa upande wa nyumbani, na hapo ndipo wengi tunakwama. Tunarudia vyeo vilevile, tunaongeza kwamba alikuwa mcha Mungu na mpenda watu, tunataja mjane na idadi ya watoto, tunakaa.

Baba yangu alistaafu akiwa Luteni Kanali. Aliingia jeshini kijana kutoka Songea mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapigana vita ya Kagera akiwa luteni, akatuhamisha kambi hadi kambi, kisha akarudi kijijini kulima mahindi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika historia yake, na nashukuru Mungu kwamba nilianza akiwa bado na sauti ya kunijibu. Tangu hapo nimekaa na ndugu na marafiki kadhaa, watoto wa kota, yaani tuliokulia nyumba za askari kambini, kuwasaidia kuandika za wazee wao. Ninayoyasema hapa nimeyapata huko.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ulionisaidia kuliko yote: waachieni jeshi mambo ya jeshi. Nyinyi andikeni yale ambayo jeshi halikuwepo kuyaona. Jeshi halikuwepo Jumapili usiku, Baba alipokaa kwenye kigoda na viatu vyetu vyote vya shule mbele yake, kopo la kiwi mkononi na kipande cha fulana kuukuu, akivisugua kimoja kimoja mpaka ving'ae. Hakumwachia Mama kazi hiyo hata siku moja, wala sisi. Alikuwa mkali mno, Jumamosi asubuhi tulikaguliwa vitanda na kucha kama makuruta, na nimeandika hivyo bila kupaka rangi. Lakini viatu alivisugua mwenyewe. Watu waliomjua kwenye gwaride tu waliposikia hilo msibani walitikisa vichwa.

Hii haina maana kwamba muandike kana kwamba hakuvaa gwanda. Mjukuu atakayesoma miaka thelathini ijayo anahitaji kujua babu yake aliingia kwenye jeshi la namna gani. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo ya askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililokuwepo kabla yake, na vijana walioingia miaka iliyofuata walijua kwamba wanajenga kitu kipya. Sentensi mbili tatu za namna hiyo zinatosha. Zikizidi, mtajikuta mmeandika historia ya nchi, na mzee wenu amepotea humo ndani.

Sasa suala la vita. Wazee wengi waliovuka mto Kagera hawapendi kuisimulia, na watoto tunauliza vibaya. "Baba, uliua wangapi?" ni swali ambalo kila mtoto wa askari amewahi kuuliza au kutamani kuuliza, na linafunga mlango. "Vita ilikuwaje?" nalo ni kubwa mno, jibu lake ni "ilikuwa vita tu", basi. Nilichofanya mimi ni kujifunza kwanza ratiba ya vita yenyewe, ili niulize mambo madogo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa siku hizohizo, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Januari 1979 askari wetu wakachukua Mutukula, mpakani upande wa Uganda, Februari Masaka, Machi wakapigana Lukaya, Aprili wakaingia Entebbe, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mwanzoni mwa Juni walikuwa mpakani na Sudan. Sehemu kubwa ya safari hiyo askari wa miguu waliitembea kweli kwa miguu.

Ukishajua hivyo unaweza kumwuliza mzee: Lukaya kuna kinamasi kile, nyinyi mlilala wapi? Buti zilidumu mpaka wapi? Mlikuwa mnakula nini kabla chakula hakijawafikia? Nani alikuwa anawachekesha? Maswali ya namna hii hayamrudishi mtu kwenye damu, yanamrudisha kwa wenzake. Baba alianza kuongea kwa swali la buti. Alisema zake zilioza zikiwa mguuni, na kwamba askari mmoja wa mgambo, mtu mzima kumshinda yeye, alimfundisha kufunga kitambaa cha khanga kwenye vidole ili visichubuke. Kuanzia hapo ikawa kila jioni ananiita mwenyewe: "Njoo, lile la jana halikuisha."

Kwa njia hiyo ndipo nikajua habari ya ndizi. Nyumbani kwetu, kila tarehe 11 Aprili, Mama alipika ndizi, kambi yoyote tuliyokuwepo, hata pale ambapo ndizi za kupika zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Sisi tulidhani ni kwa sababu Baba alizipenda. Akanieleza kwamba siku moja au mbili kabla ya kuingia Kampala, mama mmoja mzee kando ya barabara aliwaita yeye na askari wake wanane, akawaketisha barazani, akawapakulia ndizi kutoka kwenye majani, akawa anawaangalia wakila bila kusema neno. Alikuwa na umri wa mama yake. Hakujua jina lake. Hilo nimeliandika kirefu kuliko mapigano yote, kwa sababu ndilo alilolibeba maisha yake yote.

Akikataa kusema jambo, msimlazimishe. Baba alikuwa na mambo mawili ambayo tulipoyafikia alisema, "Hayo yaache." Nikayaacha, na katika maandishi hayamo, wala hamna sentensi ya kudokeza kwamba kuna kilichofichwa. Na mambo ya ndani ya jeshi, kama mipango, silaha na ramani za kambi, hayana nafasi katika historia ya familia, hata kama mzee ameyasema katika mazungumzo.

Majina ya wenzake waliofariki, hayo yaandikeni. Karibu na Muleba kuna makaburi ya Kaboya wanakolala mashujaa wa vita hiyo, mamia yao, wengi walikufa vijana kabla hawajaoa. Hawana wajukuu wa kuwaandikia. Kama mzee wenu alikuwa na rafiki aliyelala Kaboya, jina la rafiki huyo liwe ndani ya historia yake, na kijiji alichotoka kama kinajulikana. Baba alitaja watatu, nikawaandika wote watatu, na siku ya msiba wazee wawili walisimama niliposoma majina hayo. Nafasi ikipatikana, fikeni Kaboya wenyewe. Sikukuu ya Mashujaa tarehe 25 Julai ni siku nzuri, ingawa siku ya kawaida mtapata utulivu zaidi wa kusoma majina.

Wenzake walio hai nao watafuteni, na msiishie kwa maofisa. Hili nalisisitiza kwa sababu familia za maofisa zina tabia ya kuwaita makanali na majenerali waje kutoa ushuhuda, halafu dereva aliyemwendesha mzee miaka sita anakaa nyuma ya turubai bila kuulizwa. Maofisa wenzake watakuambia alivyokuwa kazini. Dereva, karani, mpishi wa mess na mpambe watakuambia alivyokuwa mtu. Karani wake wa zamani ndiye aliyetusimulia kwamba mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka, Baba aliwapanga askari vijana mstari akawauliza mmoja mmoja: "Mama yako umemtumia nini?" Asiye na jibu alipelekwa posta akatume hawala kwanza, ndipo aende anakokwenda. Karani alisema, "Afande, mimi nyumba ya mama yangu imeezekwa bati kwa ajili ya baba yenu." Alikuwa ananiita afande mimi, binti wa afande wake, na machozi yanamtoka. Habari hiyo sisi wa nyumbani tulikuwa hatuijui kabisa.

Waulizeni pia majina ya utani. Jeshini kila mtu analo, na mara nyingi lina kisa. Ukimtajia mpiganaji wa Kagera "Mti Mkavu", anajua mara moja unamsema kamanda Silas Mayunga. Mzee wenu naye alikuwa na lake, na huenda nyumbani hakulitaja kamwe.

Tahadhari moja katika kusikiliza: simulizi ya vita ikisimuliwa miaka arobaini inanenepa. Si uongo, ndivyo kumbukumbu ilivyo. Mimi kila kisa kikubwa nilikitafutia mtu wa pili aliyekuwepo. Nikimpata, nakiandika kama kilivyo. Nisipompata, naandika kwamba ni fulani aliyesimulia. Kuna mzee mmoja alitaka niandike kwamba Baba aliteka kifaru peke yake. Baba mwenyewe alikuwa amekwisha niambia kwamba kifaru kile walikikuta kimetelekezwa kwa kukosa mafuta. Nikaandika la Baba.

Nimefika kwa Mama, na hapa nitakaa kidogo.

Ofisa wa jeshi anayeitwa baba wa familia ana mtu aliyefanya jina hilo liwezekane. Kila uhamisho ulikuwa karatasi moja kwa Baba na kazi ya mwezi mzima kwa Mama. Kuuza kuku, kung'oa mchicha, kwenda shule kuomba barua za uhamisho za watoto, kufunga masufuria, kupanga tranka kwenye lori, kumwachia jirani kiti ambacho hakikuingia. Tabora alianza biashara ya vitumbua, ikakua, tukahama. Nachingwea akajifunza kubangua korosho na kuzikaanga, akapata wateja mpaka mjini, tukahama. Kila mahali alianza upya na kila mahali alifanikiwa, na hakuna nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema kwa mke wa askari.

Alinisimulia miezi ile ya vita. Wanawake wa kota walikusanyika kwenye nyumba yenye redio nzuri, wakasikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania, kila mmoja na mtoto mgongoni au mapajani. Kilichowatisha hakikuwa redio. Lilikuwa gari la kambi. Likiingia mtaani taratibu, wote walinyamaza, mwenye mwiko aliushika hewani, wakisubiri lisimame mlango gani. Likipita kwako unamshukuru Mungu, na papo hapo unaona aibu kwa sababu linakwenda kwa mwenzako. Wakati huo Mama alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu.

Kwa hiyo mkiandika historia ya ofisa, mpeni Mama kurasa zake. Msiandike "aliungwa mkono na mkewe mpendwa" mkapita. Andikeni alifanya nini, kambi gani, mwaka gani, kwa biashara gani aliwalipia ada mshahara ulipochelewa. Na mumsomee kabla ya kuchapa. Mama alisikiliza yote akasahihisha mengi, akakataa neno "alivumilia". Alisema, "Andika nilifanya kazi."

Kuna jambo ambalo watu wananiuliza pembeni, na nitalijibu wazi. Ile sentensi ya "ameacha mjane na watoto" ndiyo inayoleta vurugu kuliko sentensi zote. Maisha ya kuhamahama yamewaacha watoto nje ya ndoa katika familia nyingi za askari, na watoto hao wana baba mmoja na nyinyi. Wakifichwa kwenye historia, watafika msibani wenyewe, nao wamekuja kumlilia baba yao, na aibu yote itawarudia nyinyi mliowaficha. Kaeni kikao kabla ya siku ya mazishi, awepo mama, awepo baba mdogo au mjomba anayeheshimiwa, mkubaliane majina yote na mpangilio. Sisi tuna kaka yetu aliyezaliwa kusini kabla Baba hajamwoa Mama. Mama ndiye aliyesema asomwe wa kwanza kwa kuwa ndiye wa kwanza kuzaliwa. Siku ile alishika jeneza mbele, na leo ndiye anayetuita kwenye vikao.

Kama mzee yupo hai, mwombeni aseme mwenyewe anataka kuzikwaje, na muandike. Wakenya waliliona hilo Aprili 2024, helikopta ilipoanguka na kumwua Mkuu wa Majeshi yao, Jenerali Francis Ogolla. Alikuwa ameacha maelekezo kwamba azikwe ndani ya saa 72 na bila jeneza. Alifariki tarehe 18, akazikwa tarehe 21 nyumbani kwake Siaya kama alivyotaka, akiwa jenerali wa nyota nne. Fikiria kama asingesema: ni nani angethubutu kupendekeza Mkuu wa Majeshi azikwe bila jeneza? Baba yangu alikuwa na matakwa madogo tu. Azikwe karibu na mama yake na si kando ya barabara, na hotuba zisizidi mbili. Tuliyaandika kwenye karatasi, akasaini, mjomba akaisoma kwenye kikao cha kwanza cha msiba, na ubishi wa kumzika Dar es Salaam ukaishia hapo. Mtu mmoja tu wa familia awe ndiye anayeongea na jeshi kuhusu gwaride, bendera, risasi za heshima na usafiri. Wakiwa watatu, kila mmoja atarudi na jibu lake.

Vitu vyake. Fungueni tranka lake mkiwa wengi, mchana, na mtu wa kuandika orodha. Sare hazibaki nyumbani: raia haruhusiwi kuvaa wala kukaa na mavazi ya jeshi, na JWTZ limekuwa likitangaza kwamba walio nayo wayasalimishe. Najua inauma kutoa kombati yenye jasho la baba yako, na najua kijana wa familia atatamani kuivaa siku ya kumbukumbu. Msimruhusu. Ipelekeni kambi ya karibu. Barua, vyeti, nishani na picha ndivyo vya kutunza, pamoja, mahali pakavu, mbali na mchwa.

Picha zina kazi yake. Nyingi zina watu kumi waliosimama mstari mbele ya ukumbi fulani, na mzee peke yake ndiye anayewajua. Akiwa hai, kaa naye ukiandika nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino maana wino hupenya, majina kutoka kushoto kwenda kulia, kambi na mwaka. Kisha zipige kwa simu kivulini nje, bila mwanga wa simu, ili zisiwake doa. Baba aliweza kunitajia hata mbwa wa kambi ya Tabora. Alipofika kwenye picha moja ya wakiwa makadeti Monduli, wote wembamba, alikaa nayo muda mrefu, akasema nani alikuwa hodari wa mbio na nani aliiba sukari ya mess.

Oktoba 2024 Jenerali David Musuguri alipofariki akiwa na miaka 104, magazeti yaliandika habari zake tangu alipokuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hadi alipoiongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, na baadaye kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 mpaka 1988. Alistahili. Maluteni na makapteni waliokuwa chini yake hawana gazeti. Wana nyinyi, na wenzao waliobaki ni wachache na wanapungua kila mwaka.

Mwisho, andikeni mbili. Ya kusoma msibani isizidi kurasa mbili, kwa sauti ni kama dakika kumi, na asome mtu asiyelia kirahisi. Ile ndefu ianzeni wakati wa arobaini, maana ndipo wale waliotoka Tabora, Mtwara na Bukoba wanakuwa wamekaa chini ya mwembe mmoja, wameshakula, hawana haraka. Mteueni kijana mmoja mwenye simu yenye chaji asipewe kazi nyingine yoyote siku hiyo, si ya kubeba maji wala ya kugawa chakula. Akae na wazee, awarekodi mmoja mmoja, jina kamili na kikosi kwanza, kisha visa. Na achukue namba zao za simu kabla hawajapanda basi, kwa sababu mkianza kuandika mtagundua mna maswali mengine.